Nati ya Mapengo Manne

Giaboksi iko juu ya meza, Isevya, tumbo wazi,
oili yake nyeusi imekwisha nywewa na gunia.
Ni ya Landrova ya mwaka sabini na moja,
mali ya wafuga nyuki wa Ipole;
ukiinama vizuri, chini ya harufu ya oili
kuna asali.

Gia ya pili inaruka. Ya tatu inalia.
Ugonjwa nimeuona: sinkro imelika,
beringi ya kati inacheza kama jino la mtoto.
Lakini kati yangu na beringi ipo nati moja,
duara, haina pembe hata moja ya kushika,
mapengo manne tu.
Aliyeiunda aliunda na pacha wake,
bomba fupi lenye meno manne,
akawauza mbalimbali.

Wapo wanaopiga tindo.
Nimepiga mimi pia, ujanani,
tok, tok, tok,
hadi nati ikafanana na kizibo cha soda
na shafti ikabaki na kovu
ambalo dereva alilisikia kila akibadili gia
njia nzima ya Sikonge.

Basi nikatafuta.
Ng'ambo, kwa wauza vyuma chakavu,
nilipekua ndoo kumi na moja, nikarudi na pepopunda ya mawazo
na koleo la sakilipu lenye mguu mmoja.
Mkereza vyuma wa karibu na reli alinitajia bei;
nikamshukuru kwa Kiswahili safi, nikatoka.
Nikampigia Bitaliho, Kigoma, fundi wa injini za boti.
Ninayo, akasema. Akatuma picha.
Meno sita. Ya Bedifodi.

Jumatano nilikwenda Kiloleni kununua jogoo
kwa Bi Nyamizi.
Mlango wa banda ulikuwa umezuiwa kwa chuma.
Nikasahau jogoo.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Na ubavuni, chini ya kinyesi kikavu,
F.M. na nyota,
alama ya tindo ya Fundi Mlekwa.

Mwaka themanini na sita nilikuwa na miaka kumi na sita.
Fundi Mlekwa alinipekua mifuko mbele ya wateja.
Akamwita baba.
Baba alilipa mbuzi wawili, hakunipiga,
afadhali angenipiga,
na mimi niliondoka karakana ile na jina: Mkono Mrefu.
Gongoni bado wapo wazee wawili watatu
wanaoniitikia hivyo kabla hawajajikumbuka.

"Hilo?" akasema Bi Nyamizi.
"Aliliacha fundi mmoja, alikuja kwa gari la marehemu.
Akala, akanywa, akasahau.
Nilimpelekea salamu mara mbili alifuate.
Mara ya pili akajibu: liache likae huko huko."

Kuku walikuwa wanadonoa viatu vyangu.
Nikauliza ni lini hiyo.
Akahesabu kwa ujauzito wa mwanawe wa tatu:
wiki moja, labda mbili, baada ya mbuzi.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wanasema.
Sikuomba kununua. Nikaazima.
"Kabla ya giza," akaniambia, "la sivyo kicheche atakula,
nawe utalipa."
Nikamwambia kulipa nakujua.

Ilikaa kwenye nati kama kiganja kwenye kiganja.
Nilivuta mara moja. Ikalegea
bila kelele, bila tindo,
na beringi ikatoka mkononi mwangu ingali na joto la jua.
Nikachora meno yale manne kwenye boksi la sabuni
nitengeneze yangu, niandike herufi zangu.

Mlekwa amezikwa miaka tisa. Sina wa kumwambia
isipokuwa chuma.
Nikakisugua kwa mafuta ya taa na mchanga
hadi F.M. ikasomeka kutoka barabarani.

Saa kumi na mbili nilikirudisha.
Bi Nyamizi akakipokea, akakinusa,
akakiegemeza mlangoni,
herufi zikitazama ndani, kwa kuku.
"Upande huu," akasema,
"ndio kinakaa vizuri."